Mutoto wa Mufano

Jumatatu, 5 Mei

Maji ya bomba yamekatika tena. Nimeoga maji ya ndoo, nimeenda darasani na chai tupu tumboni. Tantini Odette, shangazi aliyenilea, alikwisha kutoka na chisense zake, vile vidagaa anavyouza sokoni.

Leo tumeanza kozi mupya ya digrii yetu ya ualimu: Mutoto na Namna Anavyojifunza. Madamu Chola anataka kila mwanafunzi asimame mbele aeleze habari ya mutoto mumoja aliyeshindwa na shule. Mutoto wa kweli, si wa kitabu. Jina lifichwe.

Mwansa, rafiki yangu wa darasa, amelalamika njia nzima tukirudi. Anasema yeye hajui mutoto wa namna hiyo. Baba yake ni hedimasta kule Mununga, kwao wote walipita shule vizuri. Nimemwambia asijali, atapata. Jioni amekula kwetu kama kawaida. Amepanga chumba nyuma ya nyumba yetu, lakini sufuria ni moja. Tantini humuita “binti yangu wa pili.”

Mimi nimefikiria mutoto wa jirani asiyesikia vizuri. Nitamuomba mama yake ruhusa.

Alhamisi, 8 Mei

Nimefunga mulango. Naandika.

Mwansa amesimama leo. Mutoto wake ni musichana wa miaka kumi na mumoja. Ametoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Anajua Kiswahili tu, na huku shule ni kwa Kibemba. Anawekwa darasa la kwanza na watoto wadogo, magoti yake hayaingii chini ya dawati. Siku moja anabanwa na mukojo. Hajui namna ya kuomba ruhusa kwa Kibemba. Anainua mukono, mwalimu anamwambia atulie. Anajikojolea pale pale. Toka siku hiyo wanamuita Kashiba, yaani kaziwa kadogo.

Darasa limecheka pale kwenye Kashiba.

Mutoto huyo ni mimi. Nilimwambia mwaka jana, wakati nilikuwa na malaria na yeye akakaa na mimi siku nzima akinibadilishia kitambaa kwenye paji.

Halafu akaongeza mwisho wake. Eti yeye Mwansa alikuwa anajitolea kwenye ile shule. Eti alijifunza Kiswahili cha kutosha kumutuliza mutoto, akakaa naye kila siku mpaka akasoma. Hapakuwa na mutu. Mwalimu wangu alinipa ufagio na mchanga, akaendelea na hesabu. Na Mwansa siku zile alikuwa mwenyewe mutoto wa shule huko Mununga.

Madamu Chola amefuta macho. Amesema huyu ndiye mwalimu tunayemutafuta.

Mwansa hakunitazama hata mara moja.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemungojea kwenye mulango wake asubuhi. Nilidhani atalia. Hakulia. Alikuwa anachana nywele.

“Sikutaja jina,” amesema.

Nimemwambia jina si kitu, habari ni yangu.

“Na mwisho nimeuweka muzuri, Furaha. Ulitaka ubaki vile ulivyokuwa?”

 Nimerudi ndani. Namuchukia. Niandike wazi: namuchukia, na bado nikimusikia akikohoa nyuma ya ukuta najiuliza kama amekunywa dawa.

Jumapili, 11 Mei

Kanisa. Mwansa aliimba kwaya. Alikuja kula, Tantini akamupa kichwa cha samaki. Mimi nilisema tumbo linaniuma.

Jumatano, 14 Mei

Wageni wanakuja Ijumaa kutoka chuo kikuu chenyewe, sisi huku ni tawi tu. Mwansa amechaguliwa kuwasomea habari yake. Wakimupenda, atahamishiwa huko akamalize digrii yake kule.

Nimeenda kwenye ofisi ya Madamu Chola. Nimemwambia: mutoto ni mimi, na mwalimu muzuri hakuwako.  Akauliza kama niko na uhakika, kana kwamba mutu anaweza kusahau kujikojolea mbele ya darasa. Kisha akasema ningoje, wageni wapite kwanza, programu imekwisha kupelekwa. Akasema habari hii inasaidia watoto wengi. Akanishika bega.

Huyu ndiye anayetufundisha namna ya kumusikiliza mutoto.

Ijumaa, 16 Mei

Nilikuwa nimeamua kutokwenda. Nimekwenda.

Viti vya mbele wageni, nyuma sisi. Mwansa alivaa kitenge cha bluu alichopewa na Tantini kwa Krismasi. Alisoma vizuri kuliko mara ya kwanza. Aliongeza kwamba mutoto alimukumbatia siku ya kufunga shule. Wageni walipiga makofi. Wakauliza kama kuna mwenye swali.

Nimeinua mukono. Nilifikiri Madamu Chola atanipita, na alitaka, lakini mugeni mumoja alinionyesha kwa kalamu.

Nimeuliza kwa Kiswahili, polepole, kila neno.

“Mwalimu, siku ile mutoto analia, ulimwambia maneno gani?”

Mwansa anajua Kiswahili cha sokoni. Bei gani. Punguza. Samaki mubichi. Alifungua kinywa. Alinitazama sasa, mara ya kwanza toka siku ile. Mugeni akaomba atafsiriwe swali, na mimi nikalisema kwa Kiingereza. Halafu tukangoja. Ukumbi wote ulingoja. Mwansa akakunja karatasi zake, akaketi.

Nilidhani nitasikia raha. Nimesikia baridi tu.

Wakati wa kunywa soda Madamu Chola amenipitia bila salamu. Kwenye geti mutu nyuma yangu ameita: Kashiba. Kwa hiyo wamejua. Nimejitangaza mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei

Mwansa amehama. Amebeba godoro kwa baiskeli ya kukodi mpaka kwa rafiki wa kwaya. Hakuna uhamisho wa kwenda chuo kikuu. Lakini alama zake zimebaki, hakuna aliyezigusa. Madamu Chola ameandika kwenye kundi la simu la darasa kwamba tuheshimiane.

Kitenge amekiacha juu ya kamba, kimefuliwa. Sikukiingiza ndani.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda kanisani. Tantini pia hakwenda. Amekaa na mimi uani, tunaparua samaki, mapale ya ziwani, beseni katikati yetu. Nilijua habari imemufikia sokoni: hakuniuliza kwa nini Mwansa amehama.

Siku ile ya shule nilimwambia nilianguka ziwani. Sikumwambia kamwe kweli.

Amesema bila kuinua macho:

“Nilijua, mama. Ile sketi nilifua mimi. Maji ya ziwa hayanuki vile.”

Nimeacha kisu.

Akasema kesho yake alikwenda mpaka shuleni. Alivaa kitenge cha kanisa. Alitaka kumuuliza yule mwalimu. Alifika getini, akasikia watoto wanaimba kwa Kibemba, na yeye wakati ule hakuwa na neno hata moja la Kibemba. Alisimama pale mpaka jua likawa kali. Akarudi.

 Nimesogeza kiti changu karibu na chake. Ameniambia mapezi yana miiba, nikate kuanzia mukia. Nimekata kuanzia mukia.