Kijiko cha Mama Aline

Deo, ndugu yangu,

Ziwa limefunguliwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza kabla sijamaliza salamu: "Haruna, wacha maneno mingi, tunatoka ao hatutoki?" Tumetoka, Deo. Leo Jumapili tumetoka, na sasa nimekaa kwenye ngazi za jiko la hoteli na kalamu ya bosi mkononi, nanuka samaki kama zamani.

Tangu tukuzike, wanajeshi walikuwa wamekataza boti zote. Ufuko wetu wa Kajaga ukanyamaza. Wageni wakawa wachache, watu wa misaada tu, ambao hata wakila wanaangalia saa wawahi mjini kabla barabara haijafungwa. Boti yetu ililala mchangani, kuku wa mkeo wakaifanya nyumba yao, na mimi sikuwafukuza. Kusema kweli nilifurahi. Boti ikiwa ya kuku, hakuna atakayeniuliza nitaitoa na nani.

Unakumbuka Jumapili za kabla ya vita? Kila mgeni alitaka sangala wa kupiga naye picha. Walikuja na chambo zao, samaki wa plastiki, wa rangi rangi, wa kununua Ulaya. Wewe uliwasifu sana, halafu ukawafungia kijiko kwenye mshipi. Kijiko cha supu, Deo! Umekata mpini, umetoboa tundu, umetia ndoano. Kikiburutwa nyuma ya boti kinameta kama ndagala mdogo aliyepotezana na wenzake, na sangala hana subira. Jiko la hoteli likaishiwa vijiko. Mpishi ni mkeo, Mama Aline, mwizi ni wewe, na mimi katikati naapa kwamba sijui kitu.

Mpaka siku ya yule sangala mkubwa. Bwana Salim, muuza vitambaa, alipambana naye mpaka jasho likamwingia machoni, fimbo ya kuvulia imepinda karibu kugusa maji, na wewe pembeni yake unamwambia polepole, "Muache aende, baba. Atachoka. Muache." Tulimbeba yule samaki watu wawili hadi jikoni. Mama Aline akainama kumtazama, akakuta kijiko mdomoni. Hakikuwa cha hoteli. Kilikuwa kile alichopewa na mama yake siku ya arusi yenu, chenye ua dogo mgongoni.

"Deo! Kijiko ya mama yangu!"

Ile picha ya siku ile ninayo bado. Bwana Salim anacheka na samaki wake, na nyuma yake unaonekana wewe unakimbia, na Mama Aline na mwiko. Kijiko alikichukua vilevile bila mpini, akakificha, na hatukukiona tena.

Na moteri, ile mashine ya boti? Ilipotoka amri ya wanajeshi kwamba moteri isilale kwenye boti, tuliifunga kwenye mti wa kubebea begani, wewe mbele, mimi nyuma, tukaipandisha stoo kila jioni na kuishusha kila asubuhi. Ukifika kwenye dirisha la jiko unapiga kelele, "Bega!" na sote tunahamisha mti bega la pili bila kusimama. Nililalamika sana wakati ule. Siku hizi nikipita pale bega linaniuma bila mzigo.

Barabara ingekuwa wazi, ile homa isingekuua. Risasi zililia upande wa daraja, tukasema tungoje papambazuke ndipo tukupeleke hospitali, na wewe hukuweza kungoja. Nina hasira mpaka leo, na sina pa kuipeleka.

Juzi bosi aliniita. Bwana Salim anataka kuja Jumapili, akasema, na kama mimi sitoi boti, yeye bosi ataiuza pamoja na moteri. Mtu wa kuinunua yupo mjini. Nikamwambia auze. Boti tuliyoipaka rangi mimi na wewe, Deo, nilisema iuzwe, kwa sababu sikuweza kufikiria mtu mwingine mbele yangu kwenye ule mti.

Leo asubuhi nilikuja kuwatoa kuku tu, mnunuzi asije akaona mavi. Mama Aline akatoka jikoni, amejifunga kitenge kiunoni, akaingia stoo na kuanza kuifunga moteri kwenye mti. Nikamwambia, "Mama Aline, iko nzito ile."

"Mi najua. Nani alikuwa anamukanda bega kila mangaribi? Kamata nyuma."

Akashika mbele. Nilitembea nikitazama miguu yangu, nisione kwamba mgongo ule si wako. Tulipofika kwenye dirisha la jiko akapiga kelele, "Bega!" na mwili wangu ukahama wenyewe. Miaka yote ile alikuwa anatusikia kutoka kwenye sufuria zake. Nililia mpaka majini na sikuona haya. Naye alilia, ila hakuachia mti.

Kwenye boti akafungua fundo la kitenge, akanipa kijiko chenye ua. "Irudi," akasema. "Hata kama ni mu mudomo ya samaki, irudi."

Bwana Salim, aliyekuja hata hivyo na fimbo yake, amepata mmoja, si mkubwa, wewe ungemtania hadi Krismasi. Mshipi ulipovutwa nilijisikia nikisema, "Muache aende, baba. Atachoka." Akageuka kunitazama, mzee wa watu, na machozi yakamtoka, lakini fimbo hakuiachia. Bosi alikuwa amesimama ufukweni tuliporudi. Habari ya mnunuzi hakuitaja, aliuliza tu kama petroli ya Jumapili ijayo itatosha.

Jua linashuka sasa. Kijiko nimekiosha na kukiweka mezani kwake. Nakuahidi kitalala jikoni kila siku, jambo ambalo wewe lilikushinda. Na kuku nitawatafutia nyumba nyingine.

Mungu akulaze pema, ndugu yangu. Nisingependa kukatisha, lakini Mama Aline yuko kwenye boti, ameshaifunga moteri, ananiita tuipandishe kabla wanajeshi hawajapita. Usihangaike. Mbele pana mtu.

Haruna