Mtambo Maalumu wa Kukaushia Kamera

Shoga, natoka kwa wale mafundi wa garantii sasa hivi. Watu wazima ovyo.

Si unakumbuka kamera yangu ilivyoota ukungu ndani ya lenzi kwa huu unyevunyevu wetu? Wamekaa nayo miezi, na kesho ndiyo harusi ya binamu yangu.

Leo fundi mkuu, tai shingoni, ananiambia, "Dada, tumeikausha kwa mtambo maalumu."

Mtambo maalumu, shoga.

Nachungulia lenzi, ukungu uko palepale. Nafungua pa kuwekea betri, inadondoka punje ya mchele. Mchele. Juu ya kaunta yake.

Akaipangusa kwa kiganja, akanitolea macho makavu. "Hiyo umekuja nayo mwenyewe. Uchafu wa mteja haumo kwenye garantii."