Trekta la Waino Limegoma Kuchaji

S.L.P. 41,
Pelkola, Michigan.
Ijumaa, 21 Januari 1983.

Mpendwa shemeji Onni,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Hujambo huko Arizona, na lile goti linaendeleaje? Mkeo Saima naye, kikohozi kimemwachia? Sisi tupo, ila siwezi kukudanganya kwamba tu wazima. Ningepiga simu, lakini kwenye simu husikii, unaitika "naam, naam" tu, na haya sitaki uyaitikie hivyo.

Figo za kaka yako Waino zimekwisha. Mara tatu kwa wiki lazima nimfikishe hospitali ya mjini asafishwe damu. Unajua njia yetu ilivyo ndefu kutoka mlangoni hadi barabara kuu. Jirani mwenye gari la kusukuma theluji amekwenda Florida mpaka baridi iishe, kwa hiyo nimebaki na trekta dogo la bustani la Waino, lile lenye mashine ya kurusha theluji mbele. Nalo limegoma kuchaji betri. Lisipofungua njia, mume wangu atanifia humu ndani.

Mwanzoni nililaumu baridi. Kila jioni niliifungua betri na kuilaza kwenye benchi la sauna, mle kwenye joto la kuogea mvuke, kama tufanyavyo wote huku. Waino akanicheka kutoka kitandani: "We mwanamke, unaikanda mgongo hiyo betri? Ikimaliza kuoga uipe na kahawa!" Asubuhi injini iliwaka vizuri, nami nikajisifu. Kumbe joto la sauna lilikuwa linanificha ugonjwa. Nikifika katikati ya njia taa zinafifia, injini inakohoa, kisha kimya. Jumatatu tukakosa hospitali. Nililia juu ya usukani kama mtoto.

Mpeleka barua akaniletea betri mpya kutoka mjini. Nayo ikafa. Hapo nikajua betri hazina kosa, kuna kitu hakizilishi. Nikachukua mita ya Waino. Injini ikiwa imezimwa, volti kumi na mbili na nusu. Ikinguruma ilipaswa kupanda hadi karibu kumi na nne, lakini ilikuwa inashuka huku naiangalia. Fyuzi ni nzima, waya ni nzima, na umeme unatoka kwenye injini. Ikabaki regyuleta, kile kidude kinachoupokea umeme huo na kuupeleka kwenye betri.

Nilipoifungua juzi Jumatano nikakuta rangi. Kiangazi kilichopita Waino alilipaka trekta lote rangi mpya, akapaka hata pale regyuleta inapokaa. Chuma chake lazima kiguse chuma cha trekta, la sivyo umeme hauna pa kurudia. Nikakwangua kwa kisu cha samaki, vidole vimekufa ganzi. Nikawasha. Kumi na nne!

Nilisafisha njia yote nikiimba, shemeji. Nikaingia ndani na viatu vyangu vya theluji, sikujali sakafu.

"Vaa koti, mzee, twende! Ilikuwa rangi yako!"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ni rangi. Nimejua tangu Jumatatu, nilivyoisikia injini ikizima. Kalizime hilo trekta, Lempi. Nimechoka na ile mashine ya damu. Siendi tena."

Alikuwa amelala pale, akinisikia nahangaika nje kwenye baridi, na jibu analo mdomoni. Nilimpigia kelele. Nilimwita mwongo, nikamwita na mengine ambayo sitayaandika. Akageukia ukutani. Leo pia hakwenda, na miguu imeanza kuvimba.

Mimi hanisikilizi. Wewe mdogo wake atakusikiliza, hata kama wewe mwenyewe husikii. Nami, Onni, sijui tena kama nataka umbembeleze aende au umuage tu. Naogopa.

Msalimie Saima, na binti yenu Kerttu na watoto wake. Mungu awafunike huko mliko, asitusahau na sisi.

Trekta sasa linachaji. Kila asubuhi nafungua njia mpaka barabara kuu, ingawa mgonjwa wangu hatoki. Naifungua kwa ajili yako. Njoo.

Shemeji yako anayekupenda na kukungoja,
Lempi