Gari Lisichomolewe Kabla ya Saa Saba

Mke mwenzangu,

Nimekuacha ulale kidogo. Gari liko kwenye chaji. Ukilichomoa kabla ya saa saba halitakufikisha kwenye usaili wa kazi. Chai iko kwenye chupa, blauzi nimeipiga pasi.

Nimekwenda duka la dawa kwa miguu kuchukua dawa ya macho. ~~Usinifuate.~~ Ukiamka mapema njoo unipokee, lakini gari liache.

Asubuhi tulipotoka kliniki, taa nyekundu ya betri iliwaka, nawe ukaifunika kwa mtandio. Ukasema, "Jua linaniumiza macho, Bibi." Jua lenyewe lilikuwa nyuma yetu! Macho yangu mabovu, lakini ile asilimia tisa niliiona. Nikajifanya sijaiona, nisikutie haya. Ukazima kiyoyozi, jasho likakutiririka, na bado ukanipitisha njia ndefu isiyo na mashimo, kwa sababu ya mgongo wangu. Chaji ya usaili wako ukaimalizia kwangu.

Asante, mjukuu wangu. Huko kwenye usaili sema kweli tupu. Uongo huuwezi hata kidogo.

Bibi yako