Nimelilia Utumwa Kwenye Sinema, na Baba Anataka Kuitazama

Mpendwa Mama Cordelia,

Naomba unisikilize maana nimechoka, mimi ni mjane, nafua nguo za watu hapa Los Angeles na kuimba kwaya, na mwaka jana studio moja ilikuja kanisani kutafuta watu wa kuigiza watumwa kwenye hizi sinema mpya za kuimba, tukaenda kwaya nzima, tukafungwa vilemba, tukachumishwa pamba huku tunacheka, na mimi kwa kuwa machozi yangu yako karibu nikapewa kipande cha peke yangu: bwana anatangaza tuko huru, naanguka miguuni pake, naimba asinifukuze. Nikamwambia mwongozaji, "Bwana, watu wangu hawakulia hivyo." Akasema, "Mama, watu wako si wanunuzi wa tiketi zangu." Nikaanguka. Mara sita, mpaka akaridhika.

Sasa baba yangu, Mzee Isom, alizaliwa mtumwa kule Texas, uhuru ukamkuta ana miaka tisa, na kila tarehe kumi na tisa Juni, siku uhuru ulipotangazwa Texas, anasimama kanisani kusimulia jinsi mama yake alivyoacha chungu motoni, akamshika mkono, wakaondoka bila kuaga. Sinema imefika ukumbi wa Central Avenue, mtaa wetu watu weusi, na Shemasi Tibbs amepanga siku hiyohiyo kanisa zima liende, Baba akae mbele. Suti ameshaipiga pasi. Anawaambia majirani, "Binti yangu yumo, mtamwona." Nilimtisha kwa joto la ukumbini, akanicheka: "Joto? Mimi mtu wa Texas?" Nimwambie nilichoigiza, au nimwombee mafua siku hiyo?

Aliyechoka, Mtaa wa 41

Aliyechoka,

Pole sana. Na mafua usimwombee mzee wa watu, una akili wewe?

Kwa kuanguka sikulaumu. Barua ya namna hii ni ya nne tangu Pasaka. Mmoja alipakwa masizi kwa sababu waliona weusi wake haujatosha. Nimechoka kuzisoma kama ulivyochoka wewe. Wanatufanya tuwalilie mabwana ili wajukuu wa mabwana walale vizuri. Aibu hiyo ni yao.

Kumnyamazia baba yako, hilo ni lako. Unamficha utumwa mtu aliyeuishi? Kitakachomuumiza ni kuketi mbele ya kanisa zima, kifua mbele, halafu akuone umepiga magoti na hakuna aliyemwonya. Mficha uchi hazai, binti.

Nenda leo. Usiseme ulikuwa mchezo tu. Usilie, maana ataanza kukubembeleza wewe. Mwambie yote, hata ile mara ya sita. Akikasirika, mwache akasirike. Akinyamaza, kaa naye kimya.

Kisha muulize kama bado anataka kwenda, na jibu lake ulifuate, hata akisema atakwenda na kusimama katikati ya sinema awaeleze watu yaliyotokea. Miaka tisa ya mwanzo hakuna aliyemuuliza anataka nini. Usianze wewe kumwamulia.

Mama Cordelia