Yesu Amehamia Jikoni

Katuba, Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, umeme hakuna, miguu inaniuma. Lakini sijutii.

Au niseme ukweli: najutia kitu kimoja.

Shirika letu ni dogo. Masista wanne, nyumba moja, kapela moja, na hatuna makao makuu huko Ulaya ya kututumia chochote. Tunatembelea wagonjwa, tunaosha wazee wasio na mtu, basi. Kesho ningeweka nadhiri zangu za daima. Nimezingoja miaka sita.

Jana Mama Mkubwa wetu, mkuu wa nyumba, alikuwa Sakania, mpakani, kutafuta unga, maana hapa mjini umeadimika. Mchana zikafika getini familia tatu zilizokimbia vita ya Kivu. Mashua, lori, lori tena, kisha mvua. Mjomba waliyemtegemea, mfanyabiashara wa jumla, walikuta amefunga depo lake la bidhaa na kuondoka. Walikuwa na watoto wengi na sufuria moja. Na sisi chumba kikubwa tunacho kimoja tu, kapela.

Sikufikiri mara mbili. Nikatoa mabenchi uani. Nikapiga goti, nikachukua Ekaristi, Mwili wa Yesu, kutoka kwenye kisanduku chake, tabernakulo, nikaiweka kwenye kabati la vikombe jikoni, juu ya kitambaa cheupe, nikawasha mshumaa. Nikamwambia Yesu: pole, Wewe umezoea kuhama. Mikeka ikatandikwa mpaka mbele ya altare.

Nilikosea? Hapana. Naandika hivyo bila kutetemeka.

Leo asubuhi Mama Mkubwa amerudi, amelowa chapachapa. Akachungulia kapelani, akaona watoto wamelala. Akaingia jikoni, akapiga magoti kwenye maganda ya vitunguu, akasali. Nikajiambia, haya, nimeshinda.

Akainuka. "Ulifanya muzuri, mwanangu. Lakini benzako, ulibauliza?"

Ee Mungu wangu.

Sikuwauliza. Sista Klara alikuwa nyuma akifua. Sista Berta, mkubwa wetu kwa umri, alikuwa chumbani na magoti yake mabovu. Hatua kumi tu! Klara ndiye aliyenieleza leo yaliyotokea: nilipokuwa getini nabeba mizigo ya wageni, Berta alijikokota kwenda kusali, kama kila siku tangu nyumba hii ijengwe. Akakuta tabernakulo wazi, tupu. Akaanguka pale sakafuni akilia, "Balimuiba! Balimuiba Yesu!" Mimi huko nje nilikuwa naimba.

Mama Mkubwa amezisogeza nadhiri zangu mbele mwaka mmoja. Nimelia, sitaficha. Kisha nimeosha uso nikaenda kumwomba Berta msamaha, naye amenishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Familia zinabaki kapelani, hakuna aliyebisha. Wangefika wengine kesho, ningewafungulia tena.

Ila mbele ya Mungu nilipiga goti, na kwa dada zangu wawili sikupiga hata hodi. Mwaka mmoja wa kujifunza hilo, nitauweza.