Jina la Mkalimani

Kipawa, Jumanne

Dada Shamimu,

Shikamoo, na hongera kwa kujifungua. Sie wazima, ila mie situlii. Leo nimefagia ua mara tatu. Simu yako anapokea mkweo, ndiyo maana naandika.

Kazini nimepewa kutafsiri mkataba wa Wajerumani na yule sultani wa Kiarabu aliyekuwa na mkalimani mmoja tu, Abdulrahman, babu yake Baba. Nakala ya Kijerumani inasema sultani ametoa nchi yake. Ya Kiarabu, mwandiko wa babu, inasema amepewa ulinzi. Sultani hakujua Kijerumani.

Nikamsomea Baba. "Labda babu naye hakukijua vizuri," nikasema.

"Alikijua sana," akajibu, akaniomba nisikwambie.

Lakini akika ni Ijumaa, na jina mnalompa mwanao ni hilo. Mie ningempa lingine.

Mdogo wako,
Najma